Neno «pede» katika mizaha ya Lubumbashi: dhana potofu na ukweli

Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, tuna tusi moja linalotosha kila jambo: pede, neno la Kifaransa la kumdharau mwanaume anayependa wanaume. Mshambuliaji akikosa goli mbele ya kipa, ni pede. Mwanafunzi akikataa kutoroka shule na wenzake, ni pede. Mwanaume akimbebea mke wake beseni kutoka sokoni, akivaa suruali ya kubana, akitokwa na machozi kwenye matanga ya mama yake, akiagiza Fanta pale wenzake wanapoagiza bia ya Simba, ni pede. Vijana wanaotazama video za Dar es Salaam na Nairobi wameongeza «shoga» na «msenge» juu yake. Ukimuuliza aliyesema kama ana chuki na mtu, anashangaa. «Tunachekaka tu», anakujibu, na mara nyingi anasema kweli.

Kama wote wanaolitamka wangekuwa watu wa chuki, kazi ingekuwa nyepesi, maana tungewajua. Ninachoamini ni kwamba tusi hili halihitaji chuki ya anayelisema ili lifanye kazi ya chuki. Nitaeleza kwa nini, nikipitia yale ninayoyasikia mara kwa mara kwa watu ninaowaheshimu: walimu, wazee wa kanisa, vijana wa moto (pikipiki), mama wa soko.

«Ni mchezo tu, hakuna anayewawaza watu hao anaposema hivyo»

Nusu ya jambo hili ni kweli, na si haki kuificha. Mwaka 2000 mtafiti Mmarekani Shawn Burn alichapisha uchunguzi kuhusu vijana wa chuo wanaorushiana matusi ya namna hii wao kwa wao. Alikuta kwamba wengi wa waliokuwa wakiyatumia hawakuwa na chuki kali dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Walitaka kuchekesha, au kukubaliwa na wenzao. Kwa hiyo anayesema «tunachekaka tu» si lazima awe anadanganya.

Kosa liko katika hatua inayofuata, pale tunapodhani kwamba nia ya msemaji ndiyo inayoamua neno litafanya nini likishatoka. Mwanasosholojia C. J. Pascoe alikaa mwaka mmoja na nusu katika shule moja ya sekondari ya California, akiwafuata wavulana na kuwasikiliza. Walirushiana tusi hilo mchana kutwa: kwa kucheza dansi, kwa kujali nguo, kwa kushindwa kitu kidogo, kwa kumgusa mwenzao. Baadhi yao walimwambia kwamba wasingethubutu kumwita hivyo mtu ambaye kweli ni shoga, kwani huo ungekuwa ukatili. Ni maneno ya huruma, nami sina sababu ya kuyatilia shaka. Lakini katika shule hiyohiyo alikuwapo mvulana ambaye hakuficha hali yake. Aliandamwa mpaka akaacha masomo. Wenye huruma na waliomwandama walikuwa na tusi lilelile mdomoni, na yeye aliyekuwa akipita kwenye ukumbi hakuwa na njia ya kujua nani anacheza na nani hachezi.

Kuna watafiti waliojaribu kueleza jambo hili linavyokwenda ndani ya kikundi. Thomas Ford na mwenzake Mark Ferguson waliandika mwaka 2004 kwamba mizaha ya kudharau kundi la watu haimpi chuki mtu ambaye hakuwa nayo. Inachofanya ni kumwonyesha yule ambaye tayari anayo kwamba hapa, kati ya hawa, hatakemewa. Miaka minne baadaye Ford na wenzake waliupima mfano huo kwa mizaha dhidi ya wanawake. Wanaume waliokuwa na uadui kwa wanawake, baada ya kusikia mizaha hiyo, walikuwa tayari kutoa pesa kidogo zaidi kwa chama cha wanawake. Wale ambao hawakuwa na uadui huo hawakubadilika.

Fikiria basi vijana kumi wameketi kwenye terase moja ya komini ya Kenya, hapa mjini. Tisa wanacheka neno likitajwa, na kicheko kinaishia hapo. Wa kumi ana jirani anayemshuku, kijana mwenye sauti nyororo anayekaa na dada yake, na kwa muda mrefu amekuwa akitafuta sababu ya kumfanyia kitu. Kicheko cha wale tisa, yeye anakisikia kama ruhusa. Usiku akimsubiri yule jirani kwenye kona, ataamini kwamba avenyu nzima iko pamoja naye. Wale tisa watasikitika kwa dhati asubuhi. Hawatajua kwamba walikuwa wamemjibu swali ambalo hakuwauliza kwa mdomo.

«Maneno ni upepo, yanapita»

Mtu wa Lubumbashi ndiye wa mwisho anayepaswa kusema hivi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanasiasa wa chama cha UFERI na vijana wao walipotaka Wakasai, watu wa asili ya Kasai, waondoke Katanga, mkoa wetu, waliwapa jina: bilulu, yaani wadudu. Lilisemwa hadharani mpaka likazoeleka. Mwaka 1992 na 1993 watu waliokuwa wamezaliwa hapa, watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa kwa ajili ya migodi na reli tangu enzi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, walifukuzwa majumbani mwao Likasi na Kolwezi. Walilala kwenye stesheni wakingoja treni ya kuwapeleka mkoa ambao wengi wao hawakuwahi kuuona. Mamia ya maelfu waliondoka. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, palepale stesheni au njiani. Mjini hapa hadi leo kuna wazee ambao neno hilo likitajwa mbele yao, hata kwa wadudu wa kweli, wananyamaza kidogo.

Sisemi kwamba kumwita mchezaji pede ni sawa na kufukuza watu. Yale yalipangwa na wenye madaraka, yakasukumwa na ugomvi wa kazi na siasa. Lakini neno lilitangulia, na lilifanya kazi yake kabla ya fimbo: liliwazoesha majirani wema kumwona jirani yao kama kitu kilicho chini ya mtu. Tuliishi jambo hilo. Sioni sababu ya kulisahau tunapozungumza kuhusu watu wengine.

Waliopima jambo hili kwa makini wamekuta kitu cha kufanana nalo, kwa kiasi kidogo. Fabio Fasoli na wenzake, katika kazi iliyotoka mwaka 2015, waliwaonyesha watu neno la tusi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, na wengine wakaonyeshwa neno la kawaida la kuwataja watu haohao. Kisha waliwaomba wagawe fedha za kinga ya magonjwa. Waliotangulia kuonyeshwa tusi walitenga kidogo zaidi kwa mpango wa kinga ya UKIMWI uliowahusu mashoga. Mwaka uliofuata, katika uchunguzi mwingine, waliosikia tusi waliwaona mashoga kuwa na ubinadamu pungufu na wakajiweka mbali nao zaidi kimwili. Watu walewale wanazungumziwa, jina tu ndilo limebadilika, na mkono unatoa kidogo zaidi.

Huo mfano wa UKIMWI unanigusa kwa sababu unatuhusu moja kwa moja. Mpango wa kitaifa wa kupambana na UKIMWI, PNLS, unawahesabu wanaume wanaolala na wanaume kati ya makundi yaliyo hatarini zaidi, yanayopaswa kufikiwa na vipimo na dawa. Kwenye karatasi ni sawa. Halafu kijana anafika kituo cha afya, na kabla hajaketi anasikia wauguzi wawili wakitaniana kwa neno lilelile kuhusu mgonjwa aliyetoka. Hawakumsema yeye. Ataaga, atasema amesahau kadi nyumbani, na hatarudi. Baadhi ya wanaume hao wana wake. Ugonjwa usiopimwa kwa mume unampata mama aliye nyumbani, ambaye hakuwahi kulisikia neno hilo likitamkwa wala kujua kwamba lilimfukuza mumewe mlangoni.

«Katika kundi letu hakuna wa namna hiyo, basi hakuna anayeumia»

Utajuaje? Kundi ambalo linacheka neno hilo kila siku ndilo la mwisho ambapo mtu angejitaja. Ukimya wa mwenzako hauthibitishi kwamba hayupo.

Marekani, ambako shirika la GLSEN huwahoji wanafunzi wenyewe, uchunguzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba asilimia 98.8 ya wanafunzi wapenzi wa jinsia moja na wenzao wa makundi yanayofanana nao walikuwa wamesikia neno la kuwataja likitumika kwa maana ya kitu kibaya au kijinga, na asilimia 91.8 walisema liliwaumiza. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Michael Woodford na wenzake walichapisha mwaka 2012 matokeo kuhusu wanafunzi waliosikia msemo huo mara kwa mara: walijiona wametengwa zaidi, na walilalamika zaidi kuumwa kichwa na kukosa hamu ya kula. Uchunguzi wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba msemo ndio uliosababisha maumivu. Lakini Paul Poteat na Dorothy Espelage waliwafuata wanafunzi wadogo kwa mwaka mzima, wakakuta kwamba wavulana waliotukanwa hivyo mwaka wa kwanza walikuwa na wasiwasi na huzuni zaidi mwaka wa pili, hata baada ya kuhesabu hali waliyokuwa nayo mwanzoni.

Na tusi halichagui. Wengi wa wanaolipokea Lubumbashi hawana uhusiano wowote na mapenzi ya jinsia moja. Ni mvulana mwembamba wa lisé, yaani sekondari, anayependa kusoma, fundi cherehani, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti ya juu, kaka mkubwa anayewapikia wadogo zake bukari (ugali) kwa sababu mama ameenda shambani. Wasichana wana lao: anayecheza mpira anaambiwa ni mwanaume. Mwaka 2024 timu ya wanawake ya TP Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika, na mji ukafurahi. Ningependa kujua ni wangapi kati ya mabinti wale waliitwa majina kwenye uwanja wa vumbi kabla hatujawapigia makofi, na ni wangapi wenye kipaji kama chao waliacha mpira kwa sababu ya majina hayo.

Kila mvulana anayeogopa kuitwa pede anajikata kitu: kulia, kumkumbatia rafiki, kuuliza swali darasani, kumlea mdogo wake. Wanaume wa mji huu tumelipa sana kwa neno hili, wengi wetu bila kujua tunalipa nini.

«Sheria inawakataza, kwa hiyo kuwatukana si kosa»

Hapa watu wengi wanachanganya nchi. Sheria ya jinai ya Kongo haina kifungu kinachotaja uhusiano wa watu wazima wa jinsia moja kuwa kosa. Sababu yake ni ya kihistoria: Ubelgiji haikuwa na kosa hilo katika sheria zake, kwa hiyo halikuingia katika sheria iliyoachwa hapa. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa mambo yanabadilika. Zambia ilirithi sheria ya Waingereza, na kifungo kinaanzia miaka 15 kikifika maisha. Burundi iliongeza kosa hilo mwaka 2009, na Uganda ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2023. Tunasikia habari za majirani kwenye simu, tunadhani ni zetu.

Hii haina maana kwamba watu hao wako salama kwetu. Vifungu vya kuvunja maadili hadharani, kama kile cha 176, vinaweza kutumiwa kuwatia mbaroni au kuwatoza pesa kwa vitisho. Tangu 2010 miswada zaidi ya mmoja ya kuufanya uhusiano huo kuwa kosa imepelekwa bungeni Kinshasa, na mwanasiasa anayetaka kupigiwa makofi anajua pa kugusa.

Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inasema kwamba ndoa ni ya mtu na mwenzake wa jinsia nyingine. Hicho ndicho wanachokinukuu wote. Lakini ni kifungu cha ndoa. Katiba hiyohiyo katika kifungu cha 11 inasema wanadamu wote wanazaliwa huru na sawa kwa heshima na haki, cha 16 kinasema mtu ni mtakatifu, na cha 31 kinalinda maisha ya faragha. Hakuna hata kimoja kinachowatoa watu hao.

Na kuna jambo ambalo watukanaji hawalifikirii. Kumtukana mtu hadharani ni kosa la jinai katika nchi hii: kifungu cha 75 kinataja kifungo cha siku 8 hadi miezi 2, au faini. Sipendi wazo la kujaza gereza la Kasapa watu wa midomo, na sidhani kama ndiyo dawa. Nalitaja kwa sababu wapo wanaosema kwa uhakika kwamba sheria iko upande wa anayetukana. Haiko.

«Kanisa linatutaka tuwakemee»

Hili nalisikia kwa watu wa sala, na wanalisema kwa imani safi, kwa hiyo linastahili kujibiwa kwa heshima.

Kanisa Katoliki, ambalo lina waumini wengi hapa, halijabadilisha fundisho lake kuhusu matendo ya jinsia moja. Tarehe 11 Januari 2024, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa jina la maaskofu wa Afrika na Madagaska, alitangaza kwamba makanisa ya Afrika hayatabariki wapenzi wa jinsia moja. Wengi walishangilia na hawakusoma zaidi. Tamko lilelile linasema watu wenye mwelekeo huo watendewe kwa heshima na utu. Katekisimu, namba 2358, inataka wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na kuepuka kila dalili ya ubaguzi usio wa haki. Na barua ya Vatikano ya tarehe 1 Oktoba 1986, iliyotiwa sahihi na Kardinali Ratzinger, ambayo haikuwa na ulegevu wowote katika mafundisho, inalaani ubaya unaofanywa dhidi ya watu hao kwa matendo au kwa maneno. Kwa maneno pia. Haikuwasahau wanaotukana.

Mwezi Mei 2024, Papa Fransisko mwenyewe, katika kikao cha faragha na maaskofu wa Italia, aliripotiwa kutumia neno la mtaani la Kiitaliano dhidi ya mashoga. Habari ilipotoka, ofisi ya habari ya Vatikano ilitoa taarifa tarehe 28 Mei: Papa hakukusudia kumuudhi mtu, na anawaomba radhi walioudhika. Hakuna fundisho lililobadilika siku ile. Mzee wa miaka 87 aliomba radhi kwa neno, basi.

Kwa Waislamu wa mji huu, Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Sijaona mhubiri wa dini yoyote anayefundisha kwamba tusi ni sehemu ya ibada. Anayetaka kushika fundisho la dini yake kuhusu ndoa anaweza kulishika lote, bila kupunguza hata nukta, na neno pede lisimtoke mdomoni mwaka mzima.

«Aibu itamrudisha kwenye njia»

Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Madaktari wa akili wa Marekani walikuwa wametangulia mwaka 1973. Tusi halibadilishi mtu anampenda nani. Linamfundisha kuficha, kuoa ili kuziba midomo, na kumdanganya mwanamke ambaye hana kosa.

«Ni mambo ya Wazungu, tunalinda mila»

Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyeishi kati ya Wazande mwishoni mwa miaka ya 1920, alirekodi kwa wazee uhusiano wa wanaume kwa wanaume, na wa wanawake kwa wanawake katika nyumba za watawala, uliokuwa na taratibu zake kabla Wazungu hawajatawala. Wazande wako kaskazini mwa nchi hii. Si kila kilichokuwako zamani kinafaa kusifiwa, na baadhi ya aliyoyaandika, yaliyohusu wavulana wadogo, leo tungeyakataa kabisa. Lakini hoja kwamba jambo lilishuka na meli haisimami. Tusi, kwa upande wake, tulilipokea kwa Kifaransa.

«Kwingine neno limepoa, na kwetu litapoa lenyewe»

Hii ndiyo hoja ninayoiona ina akili kuliko zote, na vijana wa chuo ndio wanaonipa. Mwanasosholojia Mwingereza Mark McCormack alichunguza shule za Uingereza akakuta mahali ambapo wanafunzi walitumia msemo wa namna hii bila uadui, na wenzao mashoga waliokuwapo hawakuuona kuwa tusi. Namwamini. Ila angalia alichokikuta kwanza: shule ambamo wanafunzi hao waliishi wazi, wakawa marafiki wa kawaida wa wenzao, na kuchukia watu kwa sababu hiyo kulikuwa kumeonekana aibu. Chuki ilipungua, ndipo neno likapoa. Sisi tunataka neno lipoe mahali ambapo mtu akijitaja anaweza kufukuzwa na baba yake usiku huohuo.

Ukitaka mahali panapofanana nasi zaidi, tazama Meksiko. Kwa miaka mingi mashabiki wake wamepiga kelele ya tusi moja kila kipa wa wapinzani anapopiga mpira wa goli, na jibu lao ni lilelile la kwetu: ni mchezo, ni utamaduni wa uwanjani, hatumaanishi mashoga. FIFA imelitoza shirikisho lao faini mara nyingi, na mwaka 2021 timu ikacheza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia kwenye uwanja mkubwa wa Azteca bila watazamaji. Kelele ikaendelea baadaye. Neno lililoachwa lijipoe lenyewe halikupoa hata kwa faini. Nafikiri ni kwa sababu adhabu ilitoka Zurich, makao ya FIFA, wala haikutoka kwa mtu aliyeketi kiti cha jirani.

Mtu wa mpira anayedhani tusi haliingii ndani ya mchezaji afikirie pia Justin Fashanu, mtoto wa baba Mnigeria, mchezaji mweusi wa kwanza kununuliwa kwa pauni milioni moja Uingereza, mwaka 1981. Kocha wake Brian Clough aliandika mwenyewe baadaye jinsi alivyomkabili kwa neno la mtaani kuhusu baa alizokuwa akienda. Fashanu alijitangaza mwaka 1990. Alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 37.

«Ukikemea utachekwa, na hakuna kitakachobadilika»

Utachekwa, ndiyo. Labda utaulizwa kama na wewe ni mmoja wao, na swali hilo linaonyesha neno linavyojilinda: anayeligusa linamrukia.

Kuhusu kubadilika, kuna uchunguzi ambao mimi unanipa nguvu. Mwaka 2006 Alexander Czopp, Margo Monteith na Aimee Mark walichapisha majaribio ambamo watu walisema jambo la ubaguzi dhidi ya watu weusi, kisha mwenzao akawakosoa. Walikasirika. Walimwona mkosoaji hapendezi, hasa alipowakosoa kwa ukali. Lakini baadaye, katika kazi nyingine, walirudia ubaguzi huo mara chache zaidi kuliko ambao hawakuambiwa kitu. Ukali na upole vyote vilifanya kazi; upole ulileta hasira kidogo tu. Na huyo mkosoaji hakuwa polisi wala askofu. Alikuwa mtu wa kando yao.

Kwetu hilo linawezekana bila hotuba. Ndani ya taksi-busi, kwa mtu mzima anayemtukana konda: «Papa, samahani, iko batoto humu ndani.» Kwa rafiki kwenye jukwaa la uwanja wa Kamalondo, siku ya mechi ya Mazembe na Lupopo: «Yaya, sema amecheza mubaya, inatosha.» Prefe wa shule, yaani mkuu wake, anaweza kuliweka neno hili kwenye orodha ya matusi yanayoadhibiwa, pamoja na yale ya kabila ambayo shule nyingi tayari zinayakataza. Muuguzi mkuu anaweza kuwaambia wenzake mara moja, mlango ukiwa umefungwa. Na mshambuliaji anayeanguka bila kuguswa bado ana majina yake ya haki: mwongo, mvivu, mchoyo wa mpira, mzito wa miguu.